Zege la Belgrade na nguo zilizoanikwa

Nilienda Belgrade, mji mkuu wa Serbia na zamani wa Yugoslavia, picha nikiwa nazo kichwani tayari, mawingu mazito, zege limelowa, hakuna mtu, zile picha za majengo ya enzi za ujamaa ambazo watu wanaziongezea giza kwenye kuediti mpaka nyumba inafanana na gereza. Siku ya kwanza nikapiga hizo hizo. Nikaanza na Genex, lile dude la msanifu majengo Mihajlo Mitrović la miaka ya 70, minara miwili imeunganishwa huko juu kwa daraja na kichwani ina kitu cha duara ambacho kilijengwa kiwe mgahawa wa kuzunguka, ukitoka uwanja wa ndege linakupokea kama geti la mji. Usiku nakagua picha kwenye laptopu, duh, nimedanganya. Mnara mmoja ulikua wa ofisi sawa, ila ule mwingine watu wanaishi mle, na kwenye picha zangu zote hakuna hata dirisha lenye taa.

Kesho yake nikahamia kwenye maghorofa ya Blok 28 kule Novi Beograd, yaani Belgrade Mpya, wenyewe wanayaita Televizorke kwasababu madirisha yamezungushiwa fremu za zege zenye umbo la televisheni za zamani. Hapo nilikaa masaa manne. Saa sita mchana zege halina maana, jua liko utosini na ukuta wote unakua bapa, lakini jioni mwanga ukipita ubavuni kila fremu inatupa kivuli chake, na zege lenyewe kumbe lina rangi, kuna sehemu linaelekea njano kabisa. Lenzi pana niliirudisha kwenye begi maana ukisimama karibu ukainua kamera jengo linaonekana linaanguka chali, nikavuka barabara nikarudi nyuma mbali nikatumia ndefu, mistari ikanyooka yenyewe.

Bibi mmoja kwenye benchi akaninyooshea kidole ghorofani, sikuelewa neno hata moja ila nadhani alikua ananionyesha kwake. Nikapiga hapohapo alipoonyesha: shuka mbili, kiyoyozi, maua kwenye kopo.

Halafu jamani tuache kuandika "Usovieti" chini ya kila picha ya zege. Ujenzi wa Novi Beograd ulianza 1948, vikosi vya vijana wakimwaga mchanga kwenye kinamasi, na mwaka huohuo Tito, kiongozi wa Yugoslavia, na Stalin wa Usovieti wakakosana, kwahiyo nchi ilienda na ujamaa wake yenyewe. Na brutalism, jina la mtindo huu wa majengo ya zege, wala halitokani na ukatili, ni béton brut ya Kifaransa, yaani zege ghafi, halijapigwa plasta wala rangi.

Picha za siku ya kwanza nimefuta karibu zote. Ya Genex nimebakiza moja, ina ukungu kidogo, nzuri kusema ukweli, ila niliyoiprinti ni ile yenye shuka.