Chuma cha Kitanda cha Yaya

Mwaka 2021 yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mimi ndiye niliyebaki kumlinda, kwa kuwa miguu ya mama yetu haikuweza tena kupanda na kushuka vilima vya Kadutu kila siku. Mtoto alikuwa mzima. Kidonda nacho kilipendeza: daktari alikifunua, akabonyeza pembeni kwa kidole, akatuambia tujiandae kurudi nyumbani. Usiku huohuo yaya akaanza kutetemeka. Kulipokucha homa ilikuwa imepanda, na upande mmoja wa mshono ulikuwa umevimba, mwekundu, unang'aa. Kesho yake usaha ukatoka.

Waliokuja kumwona walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema mwili wake umekataa uzi, mwingine akanong'ona habari za jicho baya. Shemeji alishikilia kwamba daktari alishona harakaharaka. Mimi sikubishana na mtu, lakini nilikuwa nalala chini kando ya kitanda kile, na anayelala hapo huona mambo ambayo mgeni wa nusu saa hayaoni.

Niliona kitambaa. Mama aliyefanya usafi alikuwa nacho kimoja tu, kipande cha shuka kuukuu, na ndoo moja. Mchana bomba lilikuwa kavu, maji yalipandishwa kwa mabidoni kutoka bondeni, kwa hiyo ndoo hiyo ilitosheleza chumba kizima. Alianza mlangoni: kitasa, meza ya kitanda cha kwanza, kile chuma cha pembeni ambacho mgonjwa hukishika akitaka kuketi, kisha kitanda cha pili, cha tatu, hadi kwetu dirishani. Yakifika kwetu, maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Na katika kitanda jirani alilala mama aliyepasuliwa kabla ya yaya, ambaye kidonda chake kilikwisha kutoa usaha. Niliona pia glavu. Muuguzi aliyefunga vidonda alimgeuza jirani yetu, akasukuma kigari cha dawa, akaja kumfunua yaya, glavu zikiwa zilezile mikononi. Zilimkinga yeye, yaya hazikumkinga.

Usaha ulipelekwa maabara. Jibu liliporudi, jina lililoandikwa lilikuwa Klebsiella, aina ya bakteria, na ampisilini na seftriaksoni, dawa ambazo yaya alikuwa anadungwa, zote mbili zilikuwa hazimfanyi kitu mdudu huyo. Jirani yetu naye akapimwa, akakutwa na mdudu wa aina ileile.

Hapo ndipo alipokuja muuguzi aliyesimamia usafi wa hospitali, mama wa makamo asiyepaza sauti. Aliinama kwenye chuma cha kitanda, mahali ambapo watu walikuwa wamebandika sparadra, ile plasta ya kushikizia bandeji, na kuibandua mara nyingi, gundi yake imebaki imeshika uchafu mweusi. Akaikwangua kwa kijiti.

"Binti yangu, unaona hapa? Mdudu huyu kwa kawaida anakaa tumboni mwa mtu bila kumdhuru. Akitoka na mkono usionawa akafika kwenye chuma, anaweza kukaa pakavu hivihivi miezi, anangoja mkono mwingine. Na kitambaa chenye majimaji ndicho kinachomtembeza."

Shemeji aliposikia hayo alimgeukia mama wa usafi na kumfokea mbele ya wagonjwa. Iliniuma. Yule mama alisimama na ndoo yake, akamjibu muuguzi, siyo shemeji: "Mama, mimi nilipewa kitambaa kimoja. Javeli, ile dawa ya klorini, ikiisha naambiwa ningoje mwezi uishe. Hakuna aliyenionyesha, mimi nafuta kama ninavyofuta nyumbani kwangu." Muuguzi alisema, "Ni kweli, Mama." Mpaka leo namheshimu kwa neno hilo. Miaka miwili tu kabla, Ebola ilipofika Mwenga katika jimbo letu hili, mji mzima ulifundishwa kunawa kwa maji ya klorini, kila mlango una ndoo yake. Aliyeshika kitambaa wodini hakufundishwa lolote.

Siku hiyo alifundishwa, nasi walinzi wa wagonjwa tukasikiliza. Shuka mbili kuukuu zilichanwa vipande, kila kitanda na chake. Kwanza sabuni na maji, kwa sababu uchafu unakula nguvu ya klorini kabla haijamfikia mdudu. Ndipo klorini ya asilimia 0.5, inayochanganywa upya kila siku, na chuma kiachwe kimelowa dakika 10, kisifutwe palepale. Uanze na kitanda cha asiye na usaha, umalizie na mwenye usaha. Yule mama alirudia kila hatua kwa sauti, na alipofika kwenye gundi ya sparadra alitumia ukucha.

Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi kama yetu hupata hospitalini angalau ugonjwa mmoja wa kuambukizwa ambao hawakuja nao, na kwamba usafi wa mikono na hatua nyingine kama hizo ungeweza kuzuia hadi asilimia 70 ya magonjwa hayo. Niliwaza juu ya kitambaa kimoja na ndoo moja.

Yaya alibadilishiwa dawa akapona, kovu likabaki pana. Siku ya kutoka tulipewa hesabu: upasuaji, sindano za kwanza, sindano za pili zilizo ghali zaidi, kufungwa kidonda kila siku, kitanda kwa siku zote zilizoongezeka. Shemeji aliuliza kama mdudu wa hapa tunapaswa kumlipia sisi. Karani wa dirisha la malipo alisema yeye anaandika anacholetewa. Tulilipa nusu kwa pesa za likelemba ya mama, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, nusu nyingine tukaiandikia ahadi, na shemeji akaacha kitambulisho chake hapo dirishani mpaka deni liishe.