Siku moja maishani mwangu: usiku wa kuithibitisha supanova

Saa 7 mchana ndiyo kwanza naamka. Nje ni Karoo, nyanda kame za Afrika Kusini, mawe na vichaka vikavu, na baridi ya Juni ambayo mtoto wa Tanga kama mimi hajaizoea hadi leo. Mama anapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jirani anauliza, nyota yake inasemaje mwezi huu?"

Namweleza tena kwamba sipigi falaki. Mimi natafuta nyota zilizolipuka, na nikisema nimeipata moja sina budi kutoa ushahidi.

Saa 10 alasiri niko kilimani Sutherland, Afrika Kusini, kwenye darubini yenye kioo cha mita 1.9. Napiga picha za kusawazisha kamera, najaribu taa ya shaba na agoni inayotupimia urefu wa mawimbi ya mwanga, najaza chai ya tangawizi kwenye chupa. Jua likizama tunafunga mapazia yote, maana hata taa ya chumbani huchafua giza.

Saa 1 usiku nafungua orodha ya washukiwa. Darubini za ATLAS, mradi wa kusaka vitu vipya angani, moja ikiwa hapahapa Sutherland, hupiga picha anga usiku hadi usiku, na kompyuta huondoa picha ya zamani kwenye picha mpya. Kinachobaki ni nukta. Nyingi ni kasoro za kamera, au sayari ndogo zinazopita, au nyota za galaksi yetu wenyewe zinazobadilika mwangaza. Leo kuna moja imenishika. Iko pembeni mwa galaksi upande wa kundi la nyota la Centaurus, umbali wa miaka nuru kama milioni 300. Katika picha nne za jana, zilizopigwa ndani ya saa moja, haikusogea hata kidogo, kwa hiyo si sayari ndogo. Picha za juzi, mahali pale pana weusi mtupu. Jina lake linaanza na AT, yaani bado ni kitu kilichozuka tu. Ili liwe SN, yaani supanova, lazima mtu apate spektra yake, mwanga wake uliotawanywa rangi kwa rangi.

Saa 3 naielekeza darubini. Mawingu yakaingia.

Watu hudhani tunachungulia kwa jicho na kushangilia. Kazi yenyewe ndiyo hii: unyevu unapanda, unafunga kuba, unakaa. Saa 4. Natoka nje, naona nyota mbili tatu kusini, nakimbilia ndani, kabla sijafungua zimefunikwa. Saa 5, vilevile. Vidole vimekufa ganzi. Galaksi yangu nayo inateremka magharibi, na kila dakika mwanga wake utapita kwenye hewa nzito zaidi. Kesho si sawa na leo: supanova ya aina ya Ia hufika kilele kwa siku 18 hivi, na zile za mwanzo hazirudi. Mwaka 1987 darubini hiihii iliifuatilia SN 1987A, iliyoonekana kwa macho matupu umbali wa miaka nuru 168,000. Waliokaa kwenye chumba hiki wakati ule nao walisubiri mawingu. Hilo lilinitia nguvu kuliko chai.

Sijui ilikuwa saa ngapi hasa, labda saa 7 imepita, upepo ukageuka. Nikafungua kuba. Galaksi ilikuwa nyuzi 23 tu juu ya upeo. Dakika 20, kisha 20 nyingine, nimekodolea nyota ya kuongozea nikiomba isipotee.

Mstari wa spektra ulipochoreka kwenye skrini ulikuwa umejaa mikwaruzo. Nikaulainisha, nikaondoa athari ya galaksi kutukimbia. Pale karibu na angstromu 6,150 (kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga) palikuwa na bonde, pana na refu kwenda chini. Hiyo ni alama ya silikoni. Mahali pake pa kawaida ni 6,355, lakini mabaki ya mlipuko yanatujia kwa kasi ya kilomita kama 10,000 kwa sekunde na kuusogeza mstari. Silikoni ipo, haidrojeni haimo: hizo ndizo dalili. Ni Ia, nyota kibete nyeupe, yaani kiini cha nyota iliyozeeka, iliyolipuka yote. Nikalinganisha na mifano mitatu, nikarudia hesabu, kisha nikatuma ripoti. AT ikawa SN.

Kumepambazuka, macho yanawasha. Mama amepiga tena kuuliza kama nimekula. Nikamwambia tumepata moja. Akanyamaza kidogo, akaniuliza jina lake, akachukua kalamu, nami nikamsomea herufi moja moja.