Sauti iliyopotea kila nilipohamia Xfce

Nafundisha Kiswahili hapa Busia, upande wa Uganda, na nusu ya kazi yangu ni masikio. Wanafunzi wengi nyumbani wanaongea Lusamia, Ateso au Luganda. Aliyekulia Luganda anaweza kuandika "wananchi wanapiga kula" asione kosa, kwa kuwa katika lugha yake l na r hazitenganishi maneno. Jambo hilo halirekebishiki ubaoni. Ni lazima mtoto asikie kula, kisha kura, kisha kula tena, mpaka sikio lizoee. Tangu Baraza la Mawaziri liamue, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima msingi na sekondari, nimekuwa nikirekodi mazoezi ya kusikiliza kwenye laptopu yangu na kuyapiga darasani.

Laptopu ni ya mtumba, niliinunua Kampala. Ina RAM ya GB 4 na mfumo wa Linux uitwao Ubuntu 22.04. Deskitopu inayokuja na mfumo huo, yaani mandhari ya madirisha na menyu iitwayo GNOME, iliielemea: nikifungua Audacity, programu yangu ya kurekodi sauti, na kivinjari pamoja, kishale kinaganda. Nikaweka deskitopu nyingine, Xfce, ambayo ni nyepesi, na kwa tahadhari nikaifungulia akaunti mpya ili mipangilio ya zamani isiguswe. Akaunti ya GNOME inaitwa mwalimu, ya Xfce nikaiita darasa. Nikawa narekodi kule, nafundishia huku.

Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Siku ya tatu, watoto wameshafungua madaftari, nikabonyeza cheza na hakuna kilichotoka. Alama ya spika ilikuwa na msalaba. Kwenye orodha ya vifaa palikuwa na jina moja tu, "Dummy Output". Maana yake ni kwamba seva ya sauti, yaani programu inayopokea sauti za programu zote na kuzipeleka kwenye kadi ya sauti, imetafuta kadi hiyo, haikupata, ikajitengenezea kifaa hewa ili programu zisigome. Nilisoma maneno kwa sauti yangu mwenyewe mpaka koo likakauka.

Jioni nikampelekea fundi wa jirani. Akaigeuza, akaitazama, akasema, "Mwalimu, kadi ya sauti imekwenda hiyo. Chukua ile ya nje ya USB, shilingi 30,000, umalize." Nilikuwa nimeshaingiza mkono mfukoni. Lakini tulipoiwasha upya pale pale dukani na kuingia moja kwa moja kwenye darasa, ikalia, kubwa na safi. Kadi iliyokufa haifufuki kwa kuwashwa upya. Nikamshukuru, nikarudi na pesa yangu.

Kesho yake ikanyamaza tena.

Hapo nikafanya kosa lililonila wiki nzima. Nilipata mwongozo wa zamani unaosema niziingize akaunti zote mbili kwenye kundi la watumiaji liitwalo audio, nikatii. Hali ikawa mbaya zaidi. Mwanzo ilikuwa inanyamaza siku moja moja, sasa hata muziki ulioachwa ukicheza kwenye mwalimu ulitosha kuninyima sauti kwenye darasa. Sababu nilikuja kuielewa baadaye: kwa kawaida mfumo humpa ruhusa ya kadi yule aliye mbele ya skrini, na akibadilishana na mwingine, ruhusa humfuata mwingine. Ukimwingiza mtu kwenye kundi la audio unampa ruhusa ya kudumu, kwa hiyo seva yake ya sauti haioni sababu ya kuachia. Nilimwondoa kila mmoja kwa amri ya sudo gpasswd -d mwalimu audio, na darasa vilevile.

Kilichonisaidia ni daftari. Kila nilipohamia Xfce niliandika nimefikaje: nimewasha mashine upya, nimetoka kabisa GNOME, au nimebadili mtumiaji tu huku GNOME ikiwa wazi nyuma. Baada ya siku sita picha ilijichora. Nikiwasha upya, sauti ipo. Nikitoka kabisa, ipo. Nikibadili mtumiaji, mara ipo mara haipo. Na siku zote ambazo haikuwepo, nilikuwa nimetoka kurekodi.

Basi siku iliyofuata iliponyamaza sikugusa kitu. Nilifungua terminali, dirisha la kuandikia amri, kwenye Xfce nikaandika:

sudo fuser -v /dev/snd/*

Amri hii inauliza swali moja: nani ameshika milango ya sauti sasa hivi? Ukiiandika bila sudo utaona michakato yako tu, na mwizi wako anaweza kuwa wa akaunti nyingine. Mistari ikashuka, na mmoja ulikuwa na mlango pcmC1D0p, mtumiaji mwalimu, programu audacity. Jina la mlango linasomeka kirahisi ukilizoea: C1 ni kadi namba 1, D0 ni kifaa namba 0 juu ya kadi hiyo, na p ya mwisho ni upande wa kutoa sauti. Ingekuwa c, ni upande wa maikrofoni. Amri ya aplay -l ikanithibitishia kuwa kadi namba 1 ndiyo ya spika zangu. Namba 0 ni ile ya HDMI, tundu la kuunganishia televisheni au skrini ya nje.

Nikarudi kwenye akaunti ya mwalimu. Audacity ilikuwa wazi kama nilivyoiacha, kwenye kusitisha. Sikuwa nimebonyeza simamisha. Kwenye Audacity hayo ni mambo mawili tofauti: ukisitisha, programu inaendelea kushikilia kadi ikikusubiri, ukisimamisha, inaiachia. Halafu kwenye orodha yake ya vifaa nilikuwa nimechagua ile yenye hw:1,0 mwishoni, nikiamini ndiyo bora kwa kurekodi. Uchaguzi huo unaipita seva ya sauti na kwenda kadi yenyewe moja kwa moja. Kadi za laptopu kama yangu hazina uwezo wa kuchanganya sauti zenyewe, kazi hiyo hufanywa na seva, ambayo kwenye Ubuntu 22.04 ni PulseAudio. Programu moja ikiingia moja kwa moja, mwingine yeyote anakuta pamekaliwa. PulseAudio ya darasa ilipoamka ilikuta kadi ina mtu, ikairuka, ikabaki na kifaa hewa.

Nikabonyeza simamisha, nikarudi Xfce. Msalaba kwenye alama ya spika ulikuwa umeondoka na jina la spika za ndani limerudi kwenye orodha, bila kuwasha chochote upya. PulseAudio huwa inachungulia milango hiyo, na ikiona mmoja umefunguka inajaribu tena. Nilikaa pale nikabonyeza sitisha na simamisha mara nne tano, nikihama huku na huku, mpaka nikaridhika kabisa kuwa ndicho chenyewe.

Marekebisho yalikuwa madogo mno kuliko usumbufu. Ndani ya Audacity nilibadilisha kifaa kutoka hw:1,0 kuwa pulse, ipite kwa seva kama programu nyingine. Sijasikia tofauti yoyote kwenye rekodi zangu za maneno. Na kabla ya kwenda darasani natoka GNOME kabisa, sibadili mtumiaji. RAM ya GB 4 nayo inapumua.

Limebaki moja dogo ambalo lilinishtua siku moja: sauti ilikuwepo lakini chini sana. Viwango vya kadi ni vya kadi, havina akaunti, kwa hiyo nilichokiteremsha kule GNOME nilikikuta kimeteremka huku. Kwenye terminali fungua alsamixer, programu ya kupandisha na kushusha viwango hivyo, bonyeza F6 uchague kadi yako, na safu ikionyesha MM chini yake imezimwa. Herufi m inaiwasha.

Jumatatu nilipiga zoezi lote la kula na kura, maneno ishirini, mara mbili mbili. Nilipopita kati ya madawati kutazama madaftari, msichana wa dawati la mbele alikuwa ameandika "kula" kwenye namba 7, akaifuta kwa kidole kilicholowa mate, akaandika r. Akaniuliza, "Mwalimu, rudia ya saba?" Nikairudia.