Baiti 20

Alhamisi asubuhi niliingia kwenye seva kutafuta nafasi ya diski, nikakuta bakapu (nakala za akiba) za siku 11 mfululizo, kila moja ina baiti 20. Humo ndimo yanamokaa majina ya wakulima, kilo za kahawa na malipo yao ya msimu mzima. Kawaida faili hufika megabaiti 40.

Baiti 20 nazijua. Ukiipa gzip, programu ya kubana mafaili, kitu kitupu ikibane, faili inalokurudishia lina baiti 20: bahasha isiyo na barua. Basi aliyekwama ni pg_dump, programu inayotoa data kwenye hifadhidata na kuipa gzip.

Kabla ya hapo, dogo ninayefanya naye kazi hapa Moshi aliisafisha skripti inayochukua bakapu kila usiku. Paswedi aliitoa kwenye msimbo akaihamishia kwenye faili la .pgpass, na alifanya vizuri, nilimwomba mwenyewe. Lakini PostgreSQL, hifadhidata yetu, inataka faili hilo lisomwe na mwenye nalo tu, ruhusa 600. Likiwa wazi kwa wengine linapuuzwa, na letu lilikuwa 644, yaani wengine nao waliweza kulisoma. Saa nane usiku cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, inaamka, pg_dump inaomba paswedi, hakuna wa kuijibu, inakufa.

Hata hivyo tungejua siku ya kwanza, kama asingefuta na mstari wa `set -o pipefail`, unaofanya amri yoyote ikishindwa kwenye mnyororo ihesabike, akidhani hauna kazi. Usipokuwepo, Bash, inayoendesha skripti, inapokea jibu la amri ya mwisho peke yake, na ya mwisho ni gzip, ambayo imemaliza salama. Kila usiku logi ikaandika "Bakapu imekamilika".

"Dada, hiyo logi naisoma kila asubuhi," aliniambia kwenye simu, sauti imeshuka. Sikumgombeza. Mabadiliko yale niliyapitia mimi, nikayapitisha.

Kilichonikausha koo ni kwamba skripti hiyohiyo hufuta bakapu zikishapita siku 14. Nzima zilikuwa zimebaki tatu. Nilizinakili kwenye diski ya pembeni kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Halafu .pgpass nikaifungia kwa chmod 600, pipefail ikarudi mahali pake, na nikaongeza sharti: faili likiwa chini ya megabaiti moja, skripti igome na itutumie ujumbe. Bakapu mpya nikairejesha kwenye laptopu yangu. Mezani kulikuwa na kopi ya risiti ya mama mmoja wa Kibosho. Nikaandika namba yake, nikasubiri.

Kilo 38.5. Sawasawa na karatasi.