Mradi wa kuhutubia: hatimaye sentensi ya kwanza imetoka bila kutetemeka

Imekubali! Nimesimama mbele ya ukumbi uliojaa, nikafungua mdomo, na sauti ikatoka nzima tangu neno la kwanza. Nina furaha isiyo kifani, ndiyo maana naandika haya kabla sijasahau hata kidogo.

Mambo ya kuijua hadhira, kupanga hoja na kufanya mazoezi kwa sauti nayapita, kila mtu aliyewahi kujaribu kuhutubia anayajua. Mimi yote nilikuwa nayafanya, na sauti ilitetemeka vilevile. Ajabu ni kwamba ilitetemeka kwenye sentensi mbili za mwanzo tu. Nikifika ya tatu nimeshatulia. Lakini hizo mbili ndizo zilizokuwa zinanimaliza, kwa sababu zikitoka vibaya kuna sauti nyingine inaanza kichwani: "Unaona? Wewe hukuumbiwa majukwaa." Kuanzia hapo nahutubia huku nabishana na nafsi yangu, na nafsi ndiyo inayoshinda.

Ushauri uliozoeleka ni kuvuta pumzi ndefu kabla ya kuanza. Nilivuta, nikazidisha kuvuta, hali ikawa mbaya zaidi. Ufumbuzi niliupata kwenye rekodi za hotuba zangu mwenyewe. Nilizisikiliza kwa spika za masikioni, tena zile sekunde chache za kabla ya neno la kwanza ambazo siku zote nilikuwa naziruka. Nikasikia waziwazi: navuta hewa, halafu navuta nyingine juu yake, bila kutoa ile ya kwanza! Woga ukiingia adrenalini, homoni ya mwili ya wakati wa hatari, inapanda, moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi za juu juu kifuani. Ukiongeza hewa kwenye kifua kilichokwisha kujaa, mabega yanapanda, shingo inakaza, na hewa inatoka kwa kusukumana badala ya kutiririka. Sauti itakosaje kuyumba? Hewa nilikuwa nayo tele, kupita kiasi.

Sasa nafanya kinyume. Nikifika mbele nakanyaga chini kwa miguu yote miwili, natafuta uso mmoja wa kuutazama, kisha natoa pumzi polepole kwa mdomo mpaka tumbo linaingia ndani. Hewa inarudi yenyewe bila kulazimishwa. Hapo ndipo nasema. Ukimya huo kwangu ni mrefu mno, kwenye rekodi hata hausikiki kama ni kitu.

Jambo la pili nililigundua kwenye rekodi hizohizo: nikianza na irabu, koo linabana. "Asanteni" ndiyo ilikuwa inaniponza kila mara! Shukrani sasa nazitoa baadaye kidogo, na hotuba ya safari hii ilianza hivi: "Mwili haudanganyiki kuhusu usingizi." Ile M inaanza midomo ikiwa imefungwa, sauti inapata pa kuegemea kabla ya kufunguka. Jaribuni, tofauti inasikika.

Mazoezi yenyewe nimeyachukua kwa Demosthenes wa Athens, mhutubi mashuhuri wa Ugiriki ya kale. Wengi wanakumbuka habari za kufanya mazoezi ya kusema akiwa na vijiwe mdomoni, lakini Plutarch, mwandishi wa kale wa maisha ya watu mashuhuri, anasimulia pia kwamba alikuwa akisema hotuba huku anakimbia na kupanda vilima. Mimi nilitumia ngazi. Unapanda haraka mpaka moyo unadunda, unasimama, unatoa pumzi, unasema sentensi ya kwanza. Mwili unajifunza kusema ukiwa katika hali ileile utakayokuwa nayo jukwaani. Kufanya mazoezi umekaa kwenye kiti umetulia hakukufundishi hilo.

Vifaa: kinasa sauti cha simu kinatosha kabisa. Video naipinga kwa hatua hii, unaishia kuitazama mikono yako. Karatasi ya kawaida ikitetemeka ukumbi mzima unaiona, tumia kadi ngumu zenye neno moja moja. Maikrofoni ya kwenye stendi ni bora mara mia kuliko ya kushika.

Kuhusu kutojiamini, kuna utafiti wa wanasaikolojia Savitsky na Gilovich wa mwaka 2003 ambao umenisaidia sana. Wazungumzaji walioelezwa mapema kwamba woga wao hauonekani kwa nje kama wanavyodhani, walizungumza vizuri zaidi, kwa tathmini yao wenyewe na ya waliowatazama. Rekodi zangu zinathibitisha hivyohivyo. Hata zile za zamani, mtetemo niliouhisi kama tetemeko la ardhi unasikika kidogo tu.

Nilipanga hatua inayofuata iwe matumizi ya mikono na kutembea jukwaani. Nimeiweka kando, kwa sababu nimenasa kwenye kitu kingine: kuzungumza bila maandalizi. Toastmasters, chama cha watu wanaojifunza kuhutubia kilichoanzishwa mwaka 1924, wana zoezi la namna hii, unapewa swali papo hapo na unalijibu kwa dakika moja hadi mbili. Nimeandika mada kwenye vikaratasi, nachomoa kimoja, nawasha kinasa sauti. Kuanza naanza vizuri, pumzi inatii. Kinachonishinda ni kumaliza. Hoja imeshafika mwisho lakini mdomo unaendelea, "kwa hiyo, yaani, kwa maana hiyo", mpaka muda unaisha. Ninachojaribu sasa ni kuchagua sentensi ya mwisho kwanza, katika ule ukimya wa kutoa pumzi, kisha ndipo nianze.