Moramu nyekundu iliyoniokolea jiko la gesi

Arusha kila mtu ni bingwa wa nyama choma mpaka umkabidhi jiko. Nilipopata lile jiko la gesi la mtumba, lenye mfuniko na magurudumu, ushauri ulikuja hata kwa wasioalikwa, na karibu wote ulikuwa wa kuniharibia kuku. Mwenye jiko kama langu asome hapa kabla hajawasikiliza mashemeji.

Jiko lilishuka na kontena, likauzwa bila vitu vyake vya ndani. Chini mabomba ya moto, juu wavu, katikati uwazi mtupu. Muuzaji akaapa kwamba hakuna kilichopungua. Kumbe kilichopungua ndicho chenye kazi: tabaka la kati linalopigwa na miali, likapata moto lenyewe, kisha likautoa moto huo taratibu kwa nyama nzima. Bila tabaka hilo mafuta yanadondokea bombani, mwali unaruka, na paja la kuku linatoka jeusi nje huku mfupani bado kuna damu. Kuna wanaouita weusi ule ladha ya moshi. Ni masizi, jamani.

Fundi wa kuchomelea alikuwa wa kwanza kujitolea. Nikate bati la kuezekea, nilitoboe matundu, nilaze juu ya mabomba, basi. Bati la kuezekea limepakwa zinki, na zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, joto ambalo moto wa jikoni unalifikia bila kutoka jasho. Mafundi wenyewe wanaijua ile homa ya jioni baada ya kushinda wakichomelea mabomba ya zinki, halafu mtu anakushauri uiweke chini ya chakula cha watoto! Mwingine akasema mchanga. Mchanga ninauheshimu, lakini mahali pake ni chini ya jiko la mkaa, unapolinda pipa lisitoboke. Juu ya mabomba ya gesi unaziba matundu, na ukishakunywa mafuta ya mbuzi utajuta kufungua mfuniko wiki inayofuata.

Sasa tuje kwa shemeji. Alikuja Jumapili, akaliangalia jiko akiwa ameshika mikono nyuma kama mkaguzi, akatoa hukumu: "Hapa yanatakiwa mawe tu, shemeji. Nitakuletea ya mto Themi." Nikamwuliza, mawe ya mtoni hayana shida? "Mawe ni mawe, shemeji." Mgeni ni mgeni, na kwa mke wangu huyu ni kaka mkubwa, nikanyamaza. Akarudi na ndoo ya mawe ya mtoni mazuri ajabu, laini, ya mviringo, mengine bado yana unyevu. Akayapanga mwenyewe kwa mkono, moja moja, akirudi nyuma kuangalia kama yamekaa sawa. Akafungua gesi yote. Akaweka kuku. Akaanza kutueleza jinsi wazee walivyochoma mbuzi porini.

Tulisikia kwanza mlio mdogo, kama mtu amekanyaga kifuu. Shemeji akasema mawe yanapumua. Mlio wa pili ulirusha bawa la kuku hadi kwenye kachumbari. Wa tatu ulipiga mfuniko kwa ndani kwa nguvu kiasi kwamba jirani alichungulia juu ya ukuta, na shemeji, mtu wa kilo mia na ushee, nilimkuta nyuma ya simtanki sijui alifikaje. Nilifunga gesi kwenye mtungi, nikiwa nimeinama. Vipande vya mawe vilikuwa vimechongoka kama chupa iliyovunjika, vimejaa ndani ya nyama. Kuku wote walienda shimoni. Hata mbwa sikumpa.

Sababu ni maji. Jiwe la mtoni ni zito na limefunga, lakini lina nyufa ndogo ndogo ambazo zimekunywa maji miaka yote. Ukilipasha haraka, maji yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, jiwe linapasuka. Zege nalo linabanduka hivyo hivyo, kwa hiyo na wale wanaosema uweke vipande vya tofali la saruji, wapite.

Jibu nilikuwa nalikanyaga kila siku nikienda dukani: moramu nyekundu iliyomwagwa kwenye njia yetu, yale mawe mepesi yenye matundu matundu. Tumekaa chini ya mlima Meru, volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na vilima vya mawe haya vinachimbwa kila upande. Matundu yale yaliachwa na gesi wakati jiwe likiwa bado uji wa moto. Kwa kuwa mengi yanafunguka nje, maji yakiingia yanapata njia ya kutoka. Halafu jiwe lililozaliwa kwenye nyuzi 1,000 na kitu halitishwi na mtungi wangu. Huko Ulaya na Marekani majiko mengi ya zamani ya gesi yaliuzwa yakiwa na mawe ya aina hii hii ndani. Sisi tunayamwagia barabarani.

Rafiki mmoja anayepeleka wageni kupanda milima akanipa wazo la kishujaa, aniletee mawe ya volkano ya Ol Doinyo Lengai. Nilicheka. Uji wa Lengai umejaa magadi, unatoka mweusi ukiwa na nyuzi 500 na kitu tu, na ukipata unyevu unageuka mweupe na kulegea. Ukipanga hayo jikoni utakuwa unapika makande, si kuku.

Nilimpa kijana wa mkokoteni hela ya soda akanichagulia sado kadhaa. Ukubwa ninaoupenda ni kati ya limau na chungwa dogo. Madogo zaidi yanaanguka kwenye mabomba, makubwa yanachelewa kupata moto. Nikayasugua vumbi kwa maji matupu bila sabuni, nikayaanika juu ya bati mpaka nikachoka kuyaangalia. Baada ya darasa la shemeji sikuamini jua peke yake. Niliyapanga jikoni bila chakula, moto wa chini kabisa, mfuniko umefungwa, mimi niko mbali na kikombe cha chai. Hakikulia kitu. Nikaongeza moto kidogo kidogo. Kimya. Chini yake nilimwambia fundi yule yule anichomelee kichanja cha nondo nyembamba zisizo na zinki, na safari hii alifanya nilichosema.

Mawe yawe tabaka moja, yaguse bila kubanana, hewa ipite. Watu wanarundika. Ukirundika, mabomba yanakosa pumzi na miali inageuka ya njano, halafu ndiyo masizi tena.

Na hapa naomba nijisifu. Nilitaka kujua joto linakaa wapi, na kipimajoto sina. Nilinunua mkate mkubwa wa slesi, nikawasha jiko robo saa mpaka mawe yakashika, nikatandika slesi wavu mzima, kona hadi kona, kama vigae. Dakika chache baadaye nikazigeuza zote. Ilikuwa ramani kamili! Katikati kulia kumeungua, kushoto mbele mkate umebaki mweupe kabisa, nyuma kahawia ya kupendeza. Nikahamisha mawe, yale mazito kidogo nikayapeleka kwenye moto mkali na kupanua nafasi upande wa baridi, nikatandika slesi nyingine. Watoto walikula ramani zote kwa siagi. Mwisho niliacha kona moja ya baridi kwa makusudi, ya kukimbizia nyama inayotaka kuungua.

Wapo walionisimanga kwamba gesi haina ladha, ninunue mkaa. Mkaa ninao, na pipa la kukata nusu ninalo. Lakini mkaa ulioiva vizuri karibu wote ni kaboni tupu, moshi wake umeshabaki kwenye tanuri kule porini. Harufu mnayoisifu inatoka kwenye mafuta yanayodondokea kitu cha moto, na mawe yangu yanaitoa vile vile.

Kwenye pipa sihitaji moramu, kwa sababu mkaa wenyewe ndio tabaka. Ngoja tu uvae majivu meupe juu yake kabla hujaweka nyama. Mimi nanunua wa mgunga. Ukigonga vipande viwili vinalia kama chuma, na ukivunja ndani panang'aa. Mkaa wa migrevilea au miparachichi ni mwepesi, unawaka haraka na kukuacha nyama haijafika nusu. Kipande chenye rangi ya kahawia katikati ni kuni bado, kitakutolea moshi wa machozi. Lumbesa pia zinadanganya, juu mabonge, chini chenga, na chenga zinaziba hewa. Zangu nazitupia pembeni mwishoni. Kuwasha natumia kopo kubwa la maziwa ya unga, wazi pande zote mbili, matundu chini, karatasi yenye mafuta kidogo ya kupikia. Mafuta ya taa wape wanaopenda nyama yenye harufu ya kibatari. Katikati ya pipa nasimamisha tofali la kuchoma lililokauka: moto upande mmoja, nyama nene upande wa pili, na tofali linaendelea kutoa joto hata mkaa ukianza kuchoka.

Mawe ya gesi nayageuza kila baada ya wageni, upande wenye mafuta unaangalia chini ujiunguze. Yakianza kuwaka moto yenyewe yameshashiba, yanarudi njiani nilikoyatoa, na mengine yanakuja kwa hela ya soda. Ya samaki nayaweka kwenye ndoo yake. Mawe yaliyochomea sato hayasahau, na shemeji hali kuku anayenuka sato.