Mkono wa kushoto ndio ulionichelewesha

Jioni ya kwanza nilivuta triga ya bastola ya kufungulia makufuli zaidi ya mara mia mbili. Nilihesabu hadi mia, nikachoka kuhesabu, nikaendelea mpaka kidole cha shahada kikaanza kuwaka moto. Kufuli lenyewe, dogo la shaba, nilikuwa nimelibana kwenye jiliwa mezani, nalo halikutikisika hata kidogo. Na aliyeniuzia zana hii alikuwa ameniapia kwamba inafungua yenyewe.

Kwa asiyewahi kuiona, bastola ya kufungulia makufuli haina betri wala umeme. Ina mshikio, ina triga, na pale ambapo ungetegemea mtutu pamechomoza sindano bapa ya chuma, nyembamba kiasi cha kupita kwenye tundu la ufunguo. Ukivuta triga, springi ya ndani inajikaza, inafika mahali, inafyatuka, na sindano inaruka juu. Tak! Basi. Kuna gurudumu dogo la kuongeza au kupunguza nguvu ya pigo. Mkono wa pili, kwangu wa kushoto, unashika kipande cha chuma kilichopindwa kama herufi L, ambacho mimi nakiita kikazio, kwa kuwa kazi yake ni kukikaza kiini cha kufuli kielekee upande ambao ufunguo ungekigeuzia.

Sababu ya kuinunua ni boksi la marehemu baba. Lilikuwa na makufuli kumi na saba, yote mazima, na hakuna hata moja lenye ufunguo. Nilishajifunza kidogo kufungua kwa sindano za mkono, nikiziinua pini za ndani ya kufuli moja baada ya nyingine, na kufuli rahisi lilinichukua dakika ishirini siku ikiwa njema. Nikapiga hesabu kwamba kwa bastola nitalimaliza boksi zima wikiendi moja. Makufuli yalikuwa yangu, na nalisema hilo makusudi, maana sheria hazifanani. Japani, kwa mfano, tangu mwaka 2003 ina sheria inayokataza kumiliki zana za namna hii bila sababu halali. Ulizia kwanza huko uliko.

Siku ya tatu nikafanya nilichopaswa kufanya kabla sijatoa pesa. Nilichukua silinda ya mlango mbovu, yaani kile kipande cha kitasa kinachoingizwa ufunguo, nikaibomoa nione ndani. Springi mbili ziliruka nisizione tena mpaka leo, lakini zilizobaki zilitosha kunifundisha. Muundo wenyewe ni wa zamani. Mvumbuzi Linus Yale Mdogo alipata hataza yake Marekani mwaka 1861, na silinda nyingi tunazozigeuza kila siku bado ni wajukuu wa ile. Kuna kiini kinachozunguka, na kuna ganda linalokizunguka. Kutoka kwenye ganda hadi ndani ya kiini kumetobolewa vishimo, kwa kawaida vitano au sita kwenye mlango, na kwenye makufuli madogo hata vinne. Kila kishimo kina pini mbili zilizobebana na springi inayozisukuma kutoka juu. Pini ya chini ndiyo inayoguswa na meno ya ufunguo. Ya juu ndiyo askari: imekaa nusu kwenye ganda, nusu kwenye kiini, na ndiyo inayokizuia kiini kisizunguke. Ufunguo sahihi unaziinua zote hadi pale zinapokutana pawe sawasawa na mpaka wa kiini na ganda. Hapo kiini kinakuwa huru.

Sasa bastola haina habari na urefu wa pini yoyote. Nilikaa na zile pini kiganjani nikijiuliza inawezaje basi, mpaka nikakumbuka gololi. Panga gololi mbili zikiwa zimegusana, halafu ipige ya kwanza kwa gololi ya tatu. Ile iliyopigwa inabaki palepale, na ya nyuma yake ndiyo inayokimbia. Kila aliyecheza gololi utotoni analijua hilo bila kufundishwa fizikia. Ndani ya kufuli ni vilevile. Sindano inapiga pini ya chini, pini ya chini inabaki karibu na mahali pake, na pigo linahamia kwa pini ya juu inayoruka kuelekea springi. Kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua kunakuwa na uwazi kati ya hizo mbili, na kama uwazi huo umeangukia kwenye mpaka katika vishimo vyote, kiini hakina kinachokishika. Pini fupi na pini ndefu zinapigwa pamoja, na urefu wao haujalishi.

Nikarudi mezani na elimu yangu mpya. Tak, tak, tak. Kufuli likakaa kimya kama mtu aliyenuna.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja fundi wa vitasa, rafiki wa baba, ambaye nilimpelekea silinda mbili ili anisaidie kutengeneza funguo zake. Nilipomwambia habari ya bastola akacheka, akasema, "Hebu nionyeshe unavyoshika." Nikaonyesha. Hakuangalia kabisa mkono wa triga. Aliweka kidole chake juu ya kikazio changu akakaa hivyo kama mpima mapigo ya moyo.

"Mwanangu, unaikaba."

"Nakaza tu, mzee. Si lazima ikazwe?"

"Unaikaba. Hizo pini zimebanwa ukutani hazipumui, halafu unazipiga ziruke. Zitarukaje?"

Akaniambia nitoe vidole vyote nibakize kidole kidogo cha mwisho, na nikibonyeze kikazio kwa nguvu ile ile ninayotumia kufunua ukurasa wa kitabu. Nikajaribu. Nilihisi kama sifanyi kitu. Akasema hapo hapo, usiongeze. Nikavuta triga mara tatu. Mara ya tatu kikazio kiliteleza chini ya kidole na kiini kikageuka, laini, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeweka ufunguo.

Nimelifikiria sana jambo lile, kwa sababu kila maelezo niliyoyasoma yalisema "kaza kidogo", na mimi nilijiona nakaza kidogo. Tatizo ni kwamba kidogo cha mtu aliyezoea sindano za mkono ni kikubwa mno hapa. Kwa sindano za mkono unahitaji pini moja ing'ang'anie ukuta ili uitambue. Kwa bastola, ile inayong'ang'ania ndiyo adui, maana pigo linaishia kwenye msuguano. Lakini ukilegeza kabisa nako hufiki, kwa sababu uwazi unafunguka na kufunga kabla kiini hakijasogea. Kati ya hizo mbili kuna upana wa unywele, na hakuna namna ya kuupata isipokuwa kwa kidole chenyewe.

Kosa langu la pili lilikuwa kuendelea kupiga baada ya kushindwa. Wakati mwingine pini ya chini nayo inainuka ikapita mpaka na kunasa huko juu. Hapo hata ukipiga mara elfu hakuna kitu. Siku hizi nikipiga mara nane au kumi bila mabadiliko, naachia kikazio kabisa, nasikia pini zikianguka ndani kama mchanga, naanza upya. Lile sauti dogo la kuanguka nalipenda. Linanihakikishia kwamba kulikuwa na kitu kimenasa, na kwamba sikuwa mbali.

Sindano nayo ina adabu zake. Inatakiwa ilale sambamba chini ya pini zote, izikaribie bila kuzisukuma. Ukiinamisha mkono kidogo, ncha inapiga pini za nyuma pekee na za mbele hazina habari. Usiisukume hadi igonge mwisho wa tundu. Na kikazio kiwekwe pembeni kabisa mwa tundu, maana kikiegemea sindano, kila pigo linaishia kwenye kikazio na unasikia mlio mkavu wa chuma kwa chuma usio na maana yoyote. Gurudumu la nguvu nalianzia chini kabisa, naongeza robo mzunguko kila raundi. Hili nililipia. Nililizungusha hadi mwisho kwa hasira kwenye kufuli la saba, na sindano ikakatika ndani. Nilitumia jioni nzima kuinyofoa kwa vipande viwili vyembamba vya wembe wa msumeno, na nilipofaulu kufuli lenyewe lilikuwa limechubuka tundu lote. Tangu siku hiyo sijaijaribu bastola kwenye kitasa chochote kinachotegemewa kabla ya kujiuliza kama niko tayari kukinunua kipya.

Kwa makufuli ya kuning'iniza kuna mtego mwingine. Mengi yana springi inayokirudisha kiini mahali pake, kwa hiyo mkazo wa unywele unaliwa wote na ile springi kabla haujazifikia pini. Kule inabidi uongeze kidogo, na hapo mkono unachanganyikiwa upya. Yaliyokaa muda mrefu nilikuwa nayapulizia unga wa grafiti kwanza. Mafuta niliyaacha, yanakusanya vumbi na kuwa gundi.

Katika yale kumi na saba, bastola ilifungua kumi na moja. Moja nililivunja kwa hasira nilizokwisha kukiri. Mawili hayakuwa ya pini kabisa, ndani yalikuwa na visahani vinavyozunguka, na kule hakuna cha kurushwa, kwa hiyo bastola ni bure. Matatu yalinifanyia dhihaka moja: kiini kinageuka kidogo sana, unashangilia, kisha kinagoma. Ndizo zile pini za juu zilizochongwa kiuno katikati kama kibiringo cha uzi. Kile kiuno kinanasa kwenye mpaka na kukuhadaa kwamba umefika. Makufuli hayo niliyarudia kwa sindano za mkono, taratibu, na mawili yakakubali.

Kazi halisi ilikuja pale shangazi aliponipigia simu saa mbili usiku, mkoba umepotea na funguo zote ndani. Mlango wake una silinda ambayo pini zake ziko chini na springi zinasukuma kwenda juu, kwa hiyo niliigeuza bastola kichwa chini ili sindano ipige kuelekea chini. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu akinimulikia kwa tochi ya simu, na mwanga ulikuwa unatetemeka kuliko mkono wangu.

Mara ya nne kiini kikateleza. Kikaenda kidogo kikagonga kitu kigumu. Nilikuwa nimekazia upande wa kufunga, na komeo lilikuwa tayari limefika mwisho. Ukirudi nyuma, pini zinaingia tena mahali pake na kazi yote imepotea. Nikarudi, nikahamisha kidole upande wa pili, nikaanza tena. Safari hii kikaenda. Kilipofika nusu mzunguko nikakumbuka kuingiza bisibisi ndogo bapa ndani ya tundu, kwa sababu hapo uwazi wa tundu unatazamana na vishimo, na pini za ganda zinaweza kuchomoza ndani yake zikakwamisha kila kitu. Mzunguko ukakamilika, komeo likarudi nusu, na pini zikaanguka tena: tik. Alikuwa amefunga mizunguko miwili.

"Imekwama?" shangazi akauliza.

"Bado mara moja."

Ya pili ilichukua muda mrefu kuliko ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kukaba tena. Nikaachia, nikapangusa kiganja kwenye suruali, nikabakiza kidole cha mwisho. Mlango ukafunguka.

Shangazi hakuingia. Alisimama kizingitini akiitazama ile bastola mkononi mwangu.

"Na mwizi naye anayo?"

Nikamwambia ukweli, kwamba mwizi wa kawaida anavunja dirisha, lakini silinda yake ni ya bei rahisi na kwa kuwa mkoba uko mikononi mwa mtu, ibadilishwe. Kesho yake nilikuja na silinda mpya yenye pini za kiuno na safu nyingine ya pini ubavuni. Kubadilisha si kazi. Ni skrubu moja ndefu pembeni mwa mlango, kisha unageuza ufunguo kidogo kile kijino cha katikati kilale, silinda inatoka. Ufunguo wa akiba wa ile ya zamani tuliukuta kwenye droo ya chumbani, humo ndani ulimokuwa usiku ule wote.

Nilipomaliza, shangazi akavuta kiti, akafunga mlango tukiwa nje, akasema, "Haya, ifungue hii."

Nilihangaika nayo dakika arobaini. Nilibadilisha sindano, nikashusha gurudumu, nikapandisha, nikapumzisha kidole, nikarudi. Kiini hakikusogea hata unywele. Shangazi alisubiri hadi mwisho mikono ikiwa imekunjwa, kisha akatoa ufunguo mpya mfukoni, akafungua, akaingia ndani.